Fungu la Injini

Siku ile tulikuwa saba kwenye uwanja mdogo wa ndege nje ya mji wa Homa Bay. Nilikuwepo mimi, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu. Alikuwepo ndugu yangu anayenifuata, fundi wa pikipiki mjini Migori, ambaye alifunga kibanda chake na kuwaambia wateja kwamba amefiwa, kwa kuwa hakuna mteja ambaye angemwelewa fundi aliyefunga kazi ili akatazame ndege. Alikuwepo Baba Mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu, mwenye mashua mbili pale Muhuru Bay, amevaa koti lake la harusini. Alikuwepo Mama Mdogo, mke wake, amepakata sufuria iliyofungwa kwa leso. Alikuwepo mlinzi wa uwanja, mzee mwenye fimbo ndefu ya kufukuzia mbuzi. Alikuwepo kapteni wa ndege, mtu wa Pwani mwenye mvi na sauti ya upole. Na alikuwepo kitinda mimba wetu, msichana wa miaka ishirini na saba, shati jeupe, mistari miwili ya dhahabu kila bega, ambaye kwa ajili yake sisi wengine tulikuwa tumeamka saa tisa usiku.

Abiria wao siwahesabu. Waliteremka, wakaingia kwenye magari yaliyowasubiri, wakaenda mjini kwenye mkutano wao. Wangerudi saa tisa alasiri. Ilikuwa saa nne asubuhi, kwa hiyo tulikuwa na saa tano za kukaa na mtoto wetu, na Baba Mdogo alikuwa na jambo la kumaliza katika saa hizo tano. Katika mfuko wa ndani wa lile koti kulikuwa na bahasha ya kaki. Mimi nilijua kilichomo. Mdogo wangu, rubani, hakujua bado.

Wazazi wetu walitutoka ndani ya miaka miwili, mama akitangulia. Nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule wiki ileile tuliyomzika baba, kwa sababu kulikuwa na watoto wawili wa kulisha, na kulikuwa na wanawake pale ufuoni waliokubali kunipa nafasi ya kuanika omena, dagaa wa ziwani, karibu na zao. Kitinda mimba alikuwa na miaka saba. Alikuwa akikaa kando yangu akifukuza ndege wanaodonoa omena, na kila aliyepita alimwona mtoto mwenye mkono mrefu wa kurusha mawe. Alipomaliza kidato cha nne na kuniambia anataka kuwa rubani, nilimwuliza kama amekosa nafasi ya ualimu.

Hakuwa amekosa. Alikuwa ameandika kwenye karatasi kila kitu kinachotakiwa: masomo ya darasani, mitihani, upimaji wa macho na moyo, na mwisho kabisa saa mia mbili za kuruka kabla hujapewa leseni ya kuajiriwa. Nilimwuliza kwa nini wanahesabu saa na si miaka kama shule nyingine. Akasema chuo cha urubani kinauza saa kama kinu cha unga kinavyotoza kwa debe. Ukiwa na pesa unaruka, ukiishiwa unakaa kwenye benchi ukitazama wenzako.

Hilo nililielewa, nikaanza kuzihesabu saa zake kwa njia yangu. Saa moja hewani ilikula magunia mawili ya omena iliyokauka vizuri. Ikiwa mvua ilikuwa imeinyeshea, ilikula matatu. Akinipigia simu kusema leo amefanya saa moja na nusu, kupaa na kutua, kupaa na kutua, mimi nilikuwa nikiona magunia yakiondoka. Niliwahi kumwambia apunguze kutua, maana naona ndiko kunakomaliza pesa. Alicheka mpaka simu ikakatika.

Ng'ombe watatu wa baba walikwenda. Kanisa lilifanya harambee. Kikundi chetu cha akina mama kilinikopesha mara mbili, na mara ya pili mwenyekiti alinishika mkono akaniuliza kama huyo mtoto ana uhakika hawezi kusomea uuguzi. Zilipobaki saa hamsini pesa ziliisha kabisa. Mdogo wangu akakaa kwenye benchi miezi minne. Hapo ndipo nilipokwenda kwa Baba Mdogo.

Yeye alikuwa na mashua mbili na injini mbili. Moja ya injini hizo, ya nguvu za farasi kumi na tano, ilikuwa fahari yake. Usiku aliiingiza ndani akaifunika kwa blanketi, na Mama Mdogo alikuwa akisema kwamba katika nyumba ile kuna mmoja anayelala bila kufunikwa, na si injini.

Sharti nieleze jinsi tunavyogawana kwetu, maana kosa langu lilitoka hapo. Mashua ikirudi asubuhi na samaki wakauzwa, kwanza inatolewa gharama ya mafuta. Kinachobaki kinagawanywa mafungu. Mashua ina fungu lake, nyavu zina fungu lao, injini ina fungu lake, na mafungu yanayobaki ni ya watu waliotoka usiku. Anayemiliki kifaa huchukua fungu la kifaa hata kama alilala nyumbani. Sikuwahi kumwona mtu wa majini akilipwa mshahara wa mwezi. Nilidhani chochote kinachobeba watu na kwenda safari kinagawanywa hivyo.

Kwa hiyo nilipopiga magoti mbele ya Baba Mdogo kumwomba auze ile injini, nilimwambia maneno ambayo baadaye alinirudishia moja baada ya jingine. Nilimwambia injini yake haitapotea. Itakuwa imehamia angani, na fungu lake litakuwa likija kila safari kama kawaida. Sikumdanganya. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimekaa nikipiga hesabu ya viti vya ndege na nauli zake, nikatoa mafuta, nikatoa fungu la mwenye ndege, na nikaona mdogo wangu atatajirika ndani ya mwaka.

Aliuza. Saa hamsini zikapatikana, leseni ikapatikana. Kisha mwaka mmoja na miezi mitatu mdogo wangu hakuruka hata kidogo. Nairobi ilikuwa imejaa vijana wenye leseni kama yake, na kila kampuni ilitaka mtu aliyeruka saa nyingi kuliko alizokuwa nazo. Alifanya kazi ya kupima mizigo ya abiria kwenye kampuni ndogo ya ndege, ili tu awe karibu. Jioni alisaidia kuosha ndege bila malipo. Siku rubani msaidizi mmoja alipopata kazi kwenye kampuni kubwa, kiti kikabaki wazi, na mwenye kampuni akakumbuka yule msichana wa mizani.

Alipotutumia picha yake ya kwanza akiwa na mistari mabegani, Baba Mdogo aliiweka kwenye simu yake, na tangu siku ile kila ndege iliyopita juu ya Muhuru Bay ilikuwa ya kwetu. Zilikuwa ndege zinazokwenda Mwanza, nyingine Kigali, nyingine mbali hata sijui wapi. Yeye aliinua uso na kuhesabu safari. Wakati huohuo ile mashua yake ya pili ilikuwa ikitumia injini ya kukodi, na kila asubuhi samaki walipogawanywa, fungu la injini liliondoka mbele ya macho yake likaenda nyumba nyingine. Miezi minane ilipita. Fungu la angani halikuja.

Ndivyo tulivyofika Homa Bay.

Ndege ilikuwa ndogo, ya abiria kumi na wawili, yenye injini moja puani. Ndugu yangu wa pikipiki aliizunguka mara tatu. Baba Mdogo alikwenda moja kwa moja kwenye propela na kusimama mbele yake, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Akamwuliza kapteni injini ina nguvu za farasi wangapi. Kapteni akamwambia zaidi ya mia sita. Baba Mdogo akarudi nyuma hatua moja kwa heshima. Kisha akauliza inatumia petroli gani, na kapteni akasema haitumii petroli, inatumia mafuta yanayokaribiana sana na mafuta ya taa.

Baba Mdogo alitugeukia. "Mafuta ya taa," akasema. "Mnasikia? Kitu hiki ni ndugu wa koroboi."

Kapteni alicheka akashika goti. Nadhani ni hapo alipompenda Baba Mdogo.

Tulikaa kwenye kivuli cha bawa, juu ya turubai ambayo mlinzi alituletea. Mama Mdogo akafungua leso. Alikuwa amepika samaki wawili wakubwa aina ya ngege kwa nyanya na kitunguu, na ugali umefungwa kwenye karatasi bado una joto. Akamnawisha kapteni mikono, akamnawisha mtoto wetu, akasogeza sufuria katikati. Mdogo wangu akaangalia sufuria, akamwangalia kapteni, akakuna shingo.

Ilibidi atueleze. Marubani wawili wa ndege moja hawali chakula kimoja kabla ya safari. Chakula kikiwa kimeharibika, angalau mmoja abaki mzima wa kuishusha ndege. Kwa hiyo ni yeye ale au kapteni ale, lakini si wote.

Mama Mdogo aliuliza kwa Dholuo, lugha ya kwetu, polepole, kama huyo mwanamume anafikiri samaki wake wana sumu. Mdogo wangu akaapa kwamba hata angekuwa mke wa rais ndiye aliyepika, sheria ni hiyohiyo. Mama Mdogo akasema mke wa rais hapiki, hivyo mfano huo haumfariji.

Kilichotuokoa ni desturi. Mgeni alikuwa kapteni, na mgeni ndiye anayelishwa. Mtoto wa nyumbani anaweza kukosa. Ndugu yangu akatumwa dukani na kurudi na mandazi manne na mayai mawili ya kuchemsha, na rubani wetu, aliyekuwa ameota samaki wa Mama Mdogo tangu Krismasi, alikaa akimenya yai huku akimtazama kapteni akinyonya kichwa cha ngege mpaka mfupa ukang'aa. Mama Mdogo alimhesabia vipande. Kufikia cha nne alikuwa amemsamehe.

Baba Mdogo alisubiri kapteni anawe. Kisha akaanza, kwa Kiswahili, ili mgeni asikie. Alisimulia habari ya injini yote: nguvu zake, rangi yake, ile siku aliyoiuza na jinsi mnunuzi alivyoipakia kwenye mkokoteni kichwa chini. Akasimulia nilivyopiga magoti na nilichosema. Mimi nilikuwa nikiangalia turubai. Akamalizia kwamba amekuwa akihesabu safari kwa uvumilivu, na leo, kwa kuwa mkubwa wa chombo yupo, angependa kujua fungu la injini huwa linatolewa lini na nani analishika.

Kapteni alitutazama mmoja mmoja. Angeweza kucheka, na kama angecheka sijui siku ile ingeishaje.

"Mzee," akasema, "kwetu pia wavuvi hugawana hivyo, nami ni mtoto wa mvuvi. Lakini huku juu hakuna fungu. Mimi na binti yako hatujui hata abiria wamelipa nini."

Akamweleza bila kuficha. Rubani msaidizi kwenye ndege ndogo analipwa mshahara wa mwezi, na juu yake posho kidogo kwa kila saa anayoruka. Mwezi wa watalii saa ni nyingi, mwezi wa mvua saa ni chache. Alipotaja kiasi, ndugu yangu aliinua kichwa kutoka kwenye gurudumu alilokuwa akilichunguza. Yeye mwenyewe, mwezi mzuri, na pikipiki zake zenye matope, alikuwa akipata zaidi. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu na kwetu alimpita mbali.

Na humohumo, kapteni aliendelea, mdogo wetu analipa chumba, na kila mwaka anapimwa afya kwa pesa yake, macho, masikio, moyo. Akikutwa na kasoro, leseni inakaa chini na mshahara unasimama siku hiyo.

"Kumbe hata jicho lake ni kifaa cha kazi," Baba Mdogo akasema. "Na jicho nalo halina fungu?"

"Halina, Mzee."

Ndipo Baba Mdogo akatoa bahasha. Alimjua mtu katika ofisi moja mjini pale pale Homa Bay. Walihitaji karani mwenye cheti kizuri cha kidato cha nne na anayejua kompyuta. Mshahara ulikuwa karibu mara mbili ya ule tuliousikia, mwezi kwa mwezi, mvua au jua. Fomu ilikuwa imeshajazwa jina lake na namba zake zote, nami ndiye niliyezitoa, kwa sababu nilikuwa nimeombwa na sikujua namna ya kumkatalia mtu niliyemuuzisha injini. Ilikuwa imebaki sahihi tu. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa saa kumi jioni hiyo. Alikuwa amekuja na kalamu.

Hakusema kwa ukali. Alisema mtoto ameshaonyesha ulimwengu kwamba anaweza kuendesha ndege, na hakuna atakayemnyang'anya sifa hiyo. Sasa arudi chini, ajenge nyumba, madeni ya watu yalipwe.

Nilimtazama mdogo wangu nikitarajia abishe. Hakubisha. Alikuwa ameishika ile fomu kwa vidole viwili, kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta ya mandazi, na akaisoma mpaka mwisho. Nikaona viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, vimepigwa rangi vikang'aa, na soli ya kimoja ilikuwa imeshikizwa kwa gundi ya rangi nyingine.

"Dada," akaniambia kwa Dholuo, "miezi minane sijakuletea hata sukari. Ukisema nitie sahihi, natia sasa hivi. Sitanung'unika."

Kapteni hakuelewa maneno lakini alielewa jambo. Akauliza kama anaweza kusema neno moja, kisha akasema mengi. Alisema binti huyu sasa ana saa karibu mia nne. Akifika elfu moja na mia tano anaweza kufanya mtihani wa leseni ya juu, ile ya kukaa kiti cha kushoto, cha kapteni, na kampuni kubwa zinaanza kumtazama. Huko mshahara si huu tuliousikia. Lakini saa hazikusanywi ofisini. Akishuka leo, kuna vijana arobaini kwenye orodha wanaokitaka kiti chake, na wiki ijayo mmoja wao atakuwa amekikalia.

Baba Mdogo aliuliza swali moja tu. "Wewe ulipoanza, walikupa nini?"

"Chakula na kitanda, Mzee. Mwaka na zaidi. Nililala kwenye banda la ndege, nikaziosha, nikazisukuma ndani na nje. Nikibahatika, nilipewa kiti safari moja kwa wiki. Mama yangu aliwaambia majirani nimefungwa jela, ilikuwa rahisi kueleza."

Mama Mdogo alicheka kwanza, kisha mlinzi, kisha sote. Baba Mdogo hakucheka. Alikuwa anafikiri, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi niliona uso wake umefunguka.

"Basi huyu yuko kwenye kuchota maji," akasema.

Tulielewa sote isipokuwa kapteni, na ikabidi ndugu yangu amweleze. Kwetu kijana akiingia kwenye mashua kwa mara ya kwanza hapewi fungu. Anapewa kopo la kuchotea maji yanayoingia ndani, na asubuhi anapewa samaki wachache wa mboga. Anaweza kuchota msimu mzima, miwili. Hakuna anayemwonea huruma, wala hakuna anayemwambia akatafute kazi ya karani, kwa sababu kila mwenye mashua pale Muhuru Bay alianza na kopo. Baba Mdogo pia. Na aliyeacha kopo katikati akirudi mwaka mwingine huanza upya.

"Mbona hukuniambia yuko kwenye kopo?" Baba Mdogo akaniuliza. "Uliniambia fungu."

Nikamwambia ukweli, kwamba sikujua. Nilisema niliongea kama mtu wa omena, nikimwahidi mambo ya mahali nisipopajua. Kisha nikasema lililokuwa moyoni mwangu tangu nilipoona ile soli.

"Baba, hiyo kalamu irudishe mfukoni. Injini uliuza kwa maneno yangu, si yake. Deni ni langu. Nitakununulia nyingine, ya nguvu zilezile, kutoka kwenye omena yangu, hata ikichukua muda gani. Yeye mwache achote."

Mdogo wangu alianza kusema hapana. Nikamwambia ale mandazi yake.

Baba Mdogo aliondoka pale kivulini akaenda kusimama tena mbele ya ile propela. Nilihesabu mbuzi wanne wakiingia uwanjani, na mlinzi, aliyekuwa amenogewa na mambo yetu, hakuinuka. Mama Mdogo alisema, bila kumlenga mtu, kwamba makarani wapo wengi Homa Bay na yeye hajawahi kumpikia samaki bosi wa karani. Ndugu yangu akasema kwamba yeye ataongeza kila mwezi kidogo, na akataja kiasi ambacho najua alikijutia kabla hajafika Migori.

Baba Mdogo aliporudi alikuwa ameshaikunja fomu mara nne. Alinipa mimi, si mdogo wangu, akasema niwashie moto. Halafu akatoa masharti. Injini iwe mpya, si ya mtumba. Iwe na farasi kumi na tano, asiletewe ya farasi kumi na tatu akaambiwa tofauti ni ndogo. Na mpaka siku itakapoletwa, fungu analolipa kwa injini ya kukodi tulilipe mimi na yeye mwenyewe nusu kwa nusu. Nilikubali kabla hajamaliza. Mdogo wangu alikuwa akilia na kutafuna kwa pamoja, jambo ambalo Mama Mdogo alimkataza, asije akapaliwa na abiria wakose rubani.

Saa tisa kasoro abiria walirudi. Msichana aliyekuwa akifuta machozi kwa leso ya sufuria akabadilika palepale. Akaizunguka ndege akigusa hiki na kile, akachungulia mafuta, akawafunga abiria mikanda, akawaeleza milango. Mwanamume mmoja mwenye tai alimwuliza rubani yuko wapi. Baba Mdogo, aliyekuwa amesimama karibu, akamjibu kwamba anaongea naye. Walipopaa, ndege iligeuka juu ya ziwa ikapita tena juu yetu, chini kidogo. Baba Mdogo aliinua mkono. Mimi nilikuwa tayari napiga hesabu ya magunia.

Sasa ni mwaka wa tatu tangu siku ile. Mdogo wangu ana saa zaidi ya elfu moja na mia mbili. Bado yuko kiti cha kulia, bado mshahara haujafika wa mwalimu mkuu, ingawa umepita wa ndugu yangu, na ndugu yangu hapendi jambo hilo litajwe. Mwezi wa watalii hutuma kitu. Nilimkataza mara mbili, mara ya tatu nikanyamaza. Mwaka jana mvua iliharibu omena yangu ya wiki tatu mfululizo na sikulipa chochote. Baba Mdogo alikuja akakaa mlangoni, akanywa chai, akaondoka bila kuuliza.

Pesa zote anazishika Mama Mdogo, kwa sababu hakuna mwingine aliyeaminiwa na pande zote mbili. Baba Mdogo yeye hazihesabu kwa shilingi. Alikwenda Migori kwenye duka linalouza injini, akauliza bei ya injini nzima na bei ya kila kipande chake, na tangu hapo anatuambia tumefikia wapi kuanzia chini kwenda juu. Propela tumelipa, ilituchukua miezi miwili. Gia tumelipa. Shafti ndefu inayoshuka majini tumeimaliza Pasaka hii, na siku hiyo alichinja jogoo.

Kilichobaki ni kichwa cha injini, na yule mwenye duka anasema hicho peke yake ni zaidi ya nusu ya bei.